Mwanangu, mashine usiilaze hivi hivi

Babangu, marahaba. Salamu zimefika na mimi huku Lamu kwa shangazi yako ni mzima, mgongo tu ndio ule ule. Meseji yako nimeisoma mara mbili. Waniuliza mashine ya boti ya marehemu babu yako utaitoa vipi hapo Likoni mpaka kwa fundi kule kisiwani Mombasa, na yule kijana wa boda anaekwambia kwa mia tano ataibeba ikiwa imelala nyuma kwenye keria afunge na mipira, je ni sawa? Si sawa. Mwambie asante mpe hata soda lakini mashine asiiguse.

Ile ni Enduro 40, tustroki, yaani oili yachanganywa kwenye petroli, kilo zake zapita 70, na uzito wote uko juu kichwani kwenye injini, kule chini ni mguu mwembamba tu unaoingia majini. Kwenye keria ya pikipiki itamyumbisha huyo kijana kona ya kwanza. Na hata asipoanguka, shida yenyewe si kuanguka, shida ni vile italala.

Ntakwambia kisa ambacho mamako anakijua nusu. Wewe ulikua darasa la tatu, mashine ikawa yakata moto ikishika kasi, nikasema naipeleka mwenyewe. Nikaitoa kwenye boti asubuhi bado yadondosha maji, nikailaza kwenye mkokoteni kichwa mbele mguu nyuma, tukateremka nayo feri. Siku hiyo feri moja ilikua mbovu, foleni imejaa mpaka juu, tukakwama pale kwenye mteremko kama saa nzima, mkokoteni umeinama na kichwa cha mashine ndio kiko chini. Mimi nakula zangu mahamri sina habari. Kumbe yale maji ya chumvi yaliobaki kwenye mguu yanarudi polepole kwa njia ya moshi yanaingia kwenye silinda, manake ile njia ya moshi inatoka silinda inashuka moja kwa moja mpaka chini kwenye pangaboi linalosukuma boti, ukiigeuza kichwa chini umefungulia maji mlango. Fundi nae alikua na kazi nyingi akaiweka pembeni wiki mbili. Siku ya kuvuta kamba kuiwasha, haivutiki. Pistoni zimeshikana na kutu. Nilokua nimepeleka kwa ajili ya plagi na kabureta nikaja kulipa ya kufungua injini nzima, boti ikakaa juu kaskazi yote na samaki ndio wakati wao.

Na mgongo huu, kwa sababu ushaniuliza siku nyingi na mimi nakwambia ni uzee, ni siku ile ile. Mahamali walitaka hela ya kushusha nikaona wananiibia, nikaivuta peke yangu kwa kiburi. Haya.

Sasa fanya hivi. Kesho isuuze kwa maji ya bomba kisha iache imesimama wima usiku kucha, mguu chini, ijimwage yote. Zile skurubu mbili za kubana kwenye boti zina kutu najua, zimiminie dizeli jioni uziache, asubuhi usizipige nyundo. Mpira wa mafuta chomoa, tangi liache nyumbani, na kabureta ina skurubu ndogo chini yake, ilegeze petroli iliobaki itoke kwenye kopo, hutaki harufu ile ndani ya tuktuk na mtu anavuta sigara pembeni.

Kuinyanyua: usishike kile kifuniko cha juu, kimeshikiliwa na klipu tu kitakubakia mkononi mashine iko miguuni mwako. Usishike mkono wa usukani pia. Pitisha kamba nene chini ya ile bano ya kufungia, ikaze, pitisha boriti, wawili mbele wawili nyuma mabegani, mashine inaning'inia wima kama vile tulivyokua tukibeba papa zamani. Wanne, nasema wanne, sio wewe na huyo rafiki yako mwembamba.

Tafuta tuktuk ya mizigo au pikapu. Ukiweza kupata mbao uigongee stendi isafiri imesimama ndio bora kabisa, ikishindikana ilaze ubavu juu ya godoro kuukuu, na chini ya kichwa ongeza gunia la makumbi ili kichwa kiwe juu kuliko mguu njia nzima. Hapo ndio watu wengi wanakosea, wanaangalia iko sawa barabarani wanasahau kuna mteremko wa feri. Kwa hivyo ipakie kichwa kikiwa upande wa nyuma ya gari, mkiteremka Likoni kichwa kiko juu, na mkifika ng'ambo mkianza kupanda mwambie dereva apande moja kwa moja asisimame katikati, au wewe kaa nyuma ukinyanyue kidogo kwa kamba. Pangaboi lisiegemee kitu, wala kile kipezi cha chini, kikivunjika hicho ni hasara nyingine.

Usije ukachanganya na mashine ya jirani, ile yake ni fostroki, ina oili yake ndani kama gari, ile mtu hailazi ubavu wowote tu, ina upande wake na mara nyingi kuna alama imechorwa kwenye bodi. Yeye aliilaza upande mbaya, oili ikaingia kwenye silinda, siku ya kuwasha ilitoa moshi mtaa mzima tukadhani kuna mtu anachoma takataka. Yetu haina oili ndani ya injini kwa hivyo ubavu wowote sawa, bora tu kichwa kiwe juu.

Feri usiende saa moja asubuhi watu wote wanavuka kwenda kazini, nenda saa nne hivi. Na angalia maji, yakiwa yametoka sana ule mteremko unakua mrefu na chini kuna utelezi, subiri yaanze kujaa. Saa hizi ni kusi bahari imechafuka hakuna mtu anakukimbiza, hata ikichukua siku tatu.

Kwa fundi isimamishwe, mwambie mbele yako, kuna ile stendi yao ya mbao. Atakuuliza mafuta unachanganyaje, mwambie petroli 50 kwa oili 1, na kama ulikua unakisia kwa macho mwambie ukweli, yeye ataona tu kwenye plagi. Kabla hajafungua kitu muombe alegeze skurubu ya oili ya gia kule chini uangalie ikitoka. Ikiwa nyeusi au ya kahawia ni kuzeeka tu. Ikiwa kama chai ya maziwa basi maji yameingia, sili za kuzuia maji zimekufa, na hapo bei ni nyingine, nipigie kabla hujakubali.

Boriti iko nyuma ya choo, kamba nzuri ile ya bluu mamako ameifanya ya kuanikia nguo, muombe vizuri. Hela ya mahamali nakutumia kwa M-Pesa jioni, wakisema bei yao usibishane nao sana.