Kibao kinasema 1779, kitabu kinasema 1781

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimeona picha ya lile daraja la chuma la mji wa Ironbridge kule Uingereza, ubavuni lina maandishi yanaishia na namba za Kirumi MDCCLXXIX, nikasomewa kumbe ni 1779. Sasa kitabu cha binti yangu kinasema lilifunguliwa 1781. Nani anatupiga kamba hapa?

JIBU: Hakuna anayekupiga kamba ndugu yangu, ila umekimbilia namba ukaacha maneno. Hayo maandishi yanasema daraja lilimiminwa Coalbrookdale, kijiji cha jirani chenye matanuri ya chuma, na kusimamishwa mwaka huo, basi. Kufunguliwa hakujatajwa. Kiangazi cha 1779 matao ya chuma yalikuwa yashasimama juu ya mto Severn, lakini tao tupu halipitiki, bado kulikuwa na njia ya juu na barabara za kuingilia huku na huku, kwa hiyo watu walianza kuvuka rasmi tarehe 1 Januari 1781.

Na mimi ukiniuliza nani shahidi mzuri, nachagua hilo daraja lenyewe, maana vibao vingi vya historia vinakuja kubandikwa miaka mia baadaye na watu ambao hawakuwepo, lakini hizi herufi zilimiminwa pamoja na chuma, yaani ni sehemu ya daraja, huwezi kuja kubandua ukabadilisha mwaka.

Shida ya hayo maandishi ni yale yaliyoyanyamazia. Mchoraji wa ramani ya daraja, Thomas Farnolls Pritchard, hayumo, na masikini alikufa 1777 hata tao moja hajaliona. Abraham Darby III, mwenye matanuri ya kuyeyushia chuma, naye hayumo, na huyo daraja lilimwachia madeni mpaka anaingia kaburini. Chuma kilichotumika ni kama tani 378, upana wa tao mita 30 na kitu, na enzi hizo hakuna aliyewahi kujenga kitu kikubwa hivyo kwa chuma, ndo maana waliunganisha kwa akili ya useremala, ncha ya kipande hiki inachomekwa kwenye tundu la kile halafu inapigiliwa kabari, kama kitanda cha mbao vile! Kuchomelea kwa umeme hakujulikana bado. Usicheke lakini, mafuriko ya 1795 yaliharibu madaraja mengine ya mto huohuo, hili likabaki limesimama.

Jinsi walivyolisimamisha watu walibishana miaka na miaka, mpaka 1997 ikaonekana Stockholm picha ndogo ya rangi za maji ya msanii Elias Martin aliyekuwepo wakati kazi inaendelea, inaonesha jukwaa la mbao katikati ya mto na vipande vikipandishwa. Kibao gani kingekueleza hayo?

Halafu kama unapenda vibao tafuta picha ya kile cha kibanda cha ushuru wa kuvuka pale pembeni, ndicho ninachokipenda zaidi mimi. Kimeandikwa wazi kwamba kila mtu analipa, askari awe kazini asiwe kazini, gari la barua, hata familia ya mfalme, hakuna cha unanijua mimi nani. Magari yalikatazwa kupita 1934, lakini wa miguu waliendelea kutoa hela mpaka 1950.