Unaanza kukusanya barua za kabla ya stempu? Weka ufutio mbali

Mi nakaa Uyole hapa Mbeya, majirani wanajua nina boksi la barua za Wazungu waliokufa zamani, kuna mama mmoja aliniuliza kama ni za urithi. Sio urithi mama, nanunua kwa hela yangu. Mwaka huu wamenifata vijana watatu wanataka kuanza, na wote wanakuja na kosa nililoanza nalo mimi, wanatazama muhuri tu barua hawaisomi, kwa hiyo naandika mara moja wasome wote.

Stempu ya kwanza ya kubandika, ile Penny Black, ilitoka Uingereza Mei 1840. Kabla ya hapo karani anagonga muhuri kwa mkono au anaandika tu kwa kalamu, na mara nyingi anayelipa ni anayepokea. Bahasha ni za nadra, karatasi yenyewe inakunjwa, inafungwa kwa lakiri, anuani inaandikwa kwa nje. Kule Uingereza bei ilienda kwa umbali na idadi ya karatasi, yaani ukichomeka hata kikaratasi kidogo ndani unahesabiwa mbili.

Sasa barua yangu ya kwanza. Ya Uingereza, 1825, muhuri mweusi wa mji umekaa vizuri kabisa, ila juu ya anuani kuna mtu kachora 8 kubwa la wino, limelala upande kama mtoto kachezea kalamu. Nikaona uchafu huu, ntausafisha. Nikachukua ufutio, ule upande wa bluu wa kufutia wino, nikasugua taratibu karibu nusu saa, karatasi ikaanza kuota manyoya afu ikatoboka. Kumbe ile 8 ndo deni lenyewe, pensi nane alizotakiwa kutoa mpokeaji ndo apewe barua yake! Kwa viwango vilivyoanza 1812 pensi 8 ni karatasi moja iliyosafiri zaidi ya maili 50 mpaka 80, chukulia kama hapa Mbeya kwenda Tunduma. Nilifuta habari nzima ili nibaki na muhuri msafi, na wala sio kwamba uliongezeka uzuri.

Na rangi ya wino nayo usiipite. Kwa barua za Uingereza za wakati ule kawaida nyeusi maana yake hela haijalipwa, nyekundu imelipwa na mtumaji. Ila usiende na sheria hiyo nchi nyingine ukadhani ni ileile, Ufaransa kwa mfano wana mihuri yenye namba ya mkoa juu ya jina la mji, na ukiona P huku na P huku ya namba ujue imelipiwa.

Kingine ni tarehe. Henry Bishop, aliyekuwa anaendesha posta ya Uingereza, alianzisha muhuri wa tarehe 1661 kwa sababu watu walilalamika barua zinacheleweshwa. Ni kiduara kidogo kimegawanywa katikati, nusu moja mwezi kwa herufi mbili, nusu nyingine siku. Mwaka haumo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "mwaka umesomeka kwenye muhuri wa Bishop" we funga simu. Mwaka unaupata ndani ya barua, na hapo napo kuna mtego, Waingereza mpaka 1752 mwaka wao mpya ulianza Machi 25, hivo barua iliyoandikwa "Januari 1700", kwa hesabu yetu ni Januari 1701. Na Januari kwenye kile kiduara utaikuta IA, maana I na J zilikuwa bado zinachanganywa, usije ukasema ni feki.

Kwa hiyo ukinunua omba picha ya mbele, nyuma na ndani, na moja iliyopigwa tochi ikimulika kutoka pembeni, hapo mikwaruzo na viraka vyote vinajitokeza. Vipande vilivyokatwa vikabaki na muhuri tu mi sinunui hata kwa bei ya chipsi.

Watu wananiuliza za huku kwetu je. Posta ya Mjerumani ilipofika ilikuja na stempu zake tayari, kwa hiyo tafuta mihuri juu ya stempu, kama ya Iringa au Neu-Langenburg, ambayo ndo Tukuyu ya leo. Kuna jamaa pale Mwanjelwa alinitolea bahasha ya "Mbeya 1908" anataka laki mbili. Mji wenyewe umeanza 1927 na dhahabu ya Lupa! Nikamrudishia, nikamwambia kaka hii bado haijaandikwa.

Kutunza: tafadhali usipeleke steshenari wakailaminishe kama cheti cha form four. Selotepu hapana, gundi hapana, na zile plastiki laini zenye harufu kali zinaharibu karatasi. Mi natumia karatasi zisizo na asidi ndani ya boksi gumu, juu ya kabati, mbali na ukuta wa nje. Juni na Julai baridi yetu ni kavu haina neno, shida ni kuanzia Desemba mvua ikishika, na wa Tukuyu mnajua wenyewe ukungu ulivyo, nyie fungueni boksi kila wiki lipate hewa. Glavu sio lazima, osha mikono kwa sabuni uikaushe. Mafuta ya kujipaka utapaka ukimaliza.