Yaya yangu anataka kuninunulia hisa za supamaketi, na mimi nabeba komande zenye bia

SWALI: Salaam alekum Shehe. Niko motari, dereva wa moto (pikipiki), hapa Goma, mwaka wa pili sasa napelekea supamaketi moja komande (oda) za watu, wao wanatuma liste kwa WhatsApp, mimi nabeba mpaka mitaa ya Himbi, Katindo, Keshero. Karibu kila siku ndani ya karatoni kuna bia. Sasa yaya yangu (ndugu yangu mkubwa) wa Bruxelles anataka kuweka dola 800 kwa hisa za Delhaize, supamaketi kubwa za Ubeljiji, kwa jina langu. Anasema hisa ni karatasi tu, na kuna mwalimu kwa YouTube amesema mapato ya pombe yakiwa chini ya asilimia 5 ya mapato yote ya kampuni hakuna shida. Mwengine hapa msikitini kaniambia hata kununua unga kwa supamaketi inayouza bia ni haramu. Nimechoka Shehe, nina watoto watatu na mwenye nyumba anadai garanti, pesa ya amana ya nyumba.

JIBU: Wa alekum salaam warahmatullahi wabarakatuh mdogo wangu. Swali lako nimelala nalo usiku mbili, juu najua si wewe peke yako, vijana wetu wengi wanashindia juu ya moto, na haya maneno ya hisa yanazunguka kwa simu kila wiki.

Huyo wa msikitini nianze naye, nimalize haraka. Kununua unga, sabuni, mafuta kwa duka linalouza na bia ni halali. Mtume (s.a.w.) alinunua shayiri kwa Myahudi kule Madina na akamwekea deraya (vazi la vita) yake rahani, Bibi Aisha ndiye aliyesimulia na Bukhari ameipokea. Hakumuuliza yule mtu stoo yake ina nini kingine. Tusiwafungie watu mlango ambao Mtume mwenyewe amepita.

Lakini mnunuzi si mwenye duka, na hapo ndipo yaya yako ameteleza. Hisa, au aksyo kama tunavyozoea huku, si karatasi. Karatasi ni ushahidi tu, kitu chenyewe ni kipande cha duka: rafu, magari, stoo, na kila chupa iliyo ndani. Delhaize iliungana na Ahold ya Uholanzi mwaka 2016, ni kampuni moja sasa, hisa zake zinauzwa Amsterdam na Bruxelles, na mwenye hisa moja ni mshirika hata kama ni mdogo kama punje. Faida ikigawanywa mwisho wa mwaka atanyoosha mkono aseme mimi ni mwenye mali, nipeni fungu langu. Basi mvinyo ukitajwa asigeuke akasema mimi sina duka, nina karatasi. Achague moja. Ukiwa mwenye duka wakati wa faida, wewe ni mwenye duka na wakati wa dhambi. Na mvinyo kule si chupa mbili zimefichwa nyuma, ni safu nzima na jina limeandikwa juu, pembeni yake nyama ya nguruwe, na mteja akiagiza kwa intaneti wanamletea mpaka mlangoni. Bia ikiuzwa kwa simu bado ni bia.

Sasa hii asilimia 5. Inaniuma, juu inatajwa kama vile ni aya. Si aya, si hadithi. Ni ijtihadi, yaani rai ya kisomi, ya wanazuoni wa AAOIFI, shirika linaloweka kanuni za fedha za Kiislamu kule Bahrain, iko ndani ya kanuni yao namba 21 juu ya hisa, na wenyewe waliweka masharti mengi ambayo mwalimu wako wa YouTube ameyaruka. Walisema kwanza kampuni isiwe imeandika kuwa moja ya kazi zake ni kuuza haramu kama nguruwe au kula riba. Walisema mikopo yake ya riba isipite asilimia 30 ya thamani ya hisa zake sokoni. Walisema hata hicho kidogo cha haramu kilichoingia ni lazima mwenye hisa akipige hesabu na kukitoa, hana ruhusa kukila. Yaani waliongelea uchafu uliomwagikia kampuni ambayo kazi yake ni safi, hawakumpa mtu ruhusa ya kufungua safu ya pombe mradi iwe fupi! Na kabla yao, mwaka 1992, baraza la fiqhi la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah likasema asili ya kushiriki kwa kampuni ambayo mara nyingine inaingia haramu, hata kama kazi yake ya msingi ni halali, ni haramu. Huo ndio msimamo ninaoushika. Mtume alilaani watu kumi juu ya pombe, na ndani yao yumo muuzaji na mwenye kula bei yake. Hakupima kwa asilimia.

Kwa hiyo mwambie yaya, kwa heshima, juu nia yake ni kukusaidia: hapana.

Mzigo wako ndio mgumu zaidi, na moyo wangu uko na wewe. Ndani ya wale kumi yumo na mbebaji. Imam Abu Hanifa aliruhusu Mwislamu kumbebea asiye Mwislamu pombe kwa malipo, akisema dhambi iko kwa kunywa na si kwa kubeba, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa walimpinga, na sisi wa madhehebu ya Shafi hatuendi huko, hadithi imemtaja mbebaji wazi. Siwezi kukuambia ni halali ili ulale vizuri leo. Lakini sikuambii pia utupe funguo kesho asubuhi, tangu benki zifunge milango hapa mwanzo wa 2025 kila mtu anajua dola moja inatafutwaje. Kozi (safari) zako za unga na mafuta ni halali safi. Ongea na bosi, mwombe komande zenye bia apewe mwenzako asiye Mwislamu, wengi wanakubali ukiongea kwa adabu. Akikataa, tafuta kazi nyingine ukiwa bado juu ya moto, tafuta kwa kweli, na pesa ya kozi za bia itenge uwape maskini.

Na hizo dola 800, kwa nini zilale Amsterdam wakati wewe una moto, unajua mitaa, una namba za wateja? Yaya atoe mtaji, wewe utoe kazi, hiyo ni mudharaba. Mgawane faida kwa mafungu, nusu kwa nusu au theluthi, ila asikuambie kila mwezi dola 50 zisizobadilika, hiyo inaharibu mkataba. Hasara ikija bila uzembe wako, yeye anapoteza mtaji na wewe jasho lako. Nunua maharagwe, mchele, mafuta, sambaza kavu (samaki wadogo wa ziwa), uza kwa WhatsApp. Usiuze kwa picha mchele wa mtu mwengine kana kwamba ni wako, sahaba Hakim bin Hizam alikatazwa na Mtume kuuza asichonacho. Kama huna, sema wazi wewe ni wakala, unamnunulia mteja na unalipwa kozi. Maharagwe ukiyapima kwa gigoze (kopo la kupimia), iwe gigoze ile ile kwa wote, isiyobonyezwa chini.

Mwezi uliopita mama wa nyumbani kwangu aliagiza mchele kilo 25. Kwa picha ulikuwa mweupe kama maziwa. Ulipofika nikaingiza mkono, chini umelowa, unashikana vidoleni, unanuka ukungu. Nikamkumbuka Mtume alipoingiza mkono kwenye lundo la chakula sokoni akakuta unyevu, mwenye chakula akasema ni mvua, akamwambia basi ungeuweka juu watu wauone, anayedanganya si katika sisi. Wewe piga picha ya chini ya mfuko, na mteja akikuta kasoro pokea urudishe pesa yake.

Yaya akikubali msitegemee voisi za WhatsApp. Sura ya Baqara aya ya 282, aya ndefu kuliko zote ndani ya Kurani, imetufundisha kuandika. Njoo Jumamosi baada ya alasiri na mashahidi wawili, mpigie na yeye awe hewani, tuandike pamoja.