Kwa wadogo zangu mnaoanza kupima fosforilesheni ya moyo

Wadogo zangu mnaokuja Chumbageni kila likizo kusoma nasi fiziolojia ya moyo, juzi nimeisikia tena ile kauli ambayo kila kundi jipya hufika nayo Tanga: kwamba fosforilesheni, yaani kubandikwa fosfeti kwenye protini, ikiongezeka moyo husinyaa kwa nguvu, na ikipungua moyo huchoka. Nawapenda, na ndiyo maana sitaiacha ipite.

1. Taja protini, kisha utaje mahali fosfeti ilipokaa. Kinasi A, kimeng'enya kinachobandika fosfeti, ikiiweka kwenye serini 23 na 24 (asidi amino za nafasi hizo) za troponini I, protini inayodhibiti kusinyaa, nyuzi za msuli hupungukiwa usikivu kwa kalsiamu na huachia upesi. Kinasi hiyohiyo ikigusa serini 16 ya fosfolambani, protini iliyo breki ya pampu inayorudisha kalsiamu ghalani ndani ya seli, pampu hiyo hufunguliwa breki. Hivyo ndivyo adrenalini inavyouharakisha moyo bila kuunyima nafasi ya kujaa. Baharia asiyejua kulegeza demani, ile kamba ya tanga, hafiki mbali, hata awe hodari wa kuikaza. Katika moyo ulioshindwa, vipokezi vya beta, vinavyoipokea adrenalini, hupungua, kama mtafiti Bristow na wenzake walivyoonyesha mwaka 1982 kwa mioyo ya binadamu, na troponini I hupoteza sehemu ya fosfeti zake. Nyuzi basi huwa sikivu kupita kiasi na huchelewa kuachia. Mgonjwa anaumia pia wakati wa kulegea.

2. Pima protini yote, si ile yenye fosfeti peke yake.

3. Gandisha tishu papo hapo. Mwenzenu mmoja, aliyeniruhusu nisimulie bila jina, alikwenda maabara ya mbali kulinganisha mioyo ya panya wazima na ya panya waliofungwa mshipa wa moyo. Asubuhi alianza na wazima, nitrojeni kimiminika ikiwa mkononi. Wagonjwa aliwaacha hadi jioni, na kila moyo wao ulikaa kwenye barafu huku akikata kovu na kupima uzito. Barafu huipunguza kasi fosfatasi, kimeng'enya kinachobandua fosfeti, haiizimi. Jeli za kupimia protini zilipotoka, fosfeti za wagonjwa zilikuwa zimeporomoka kama majarida yasemavyo, na kwa kuwa matokeo yalilingana na matarajio, hakuna aliyeuliza kitu. Swali lilikuja siku ya kutetea tasnifu: kila sampuli ilikaa muda gani kabla ya kugandishwa? Hakuwa ameandika. Huenda ugonjwa ulizipunguza kweli, huenda ni kule kungoja, na hakuna kingamwili wala hesabu iwezayo kuyatenganisha mambo hayo mawili baada ya tukio. Alinipigia simu akilia, nami sikuwa na neno la kuiokoa kazi ile. Kwa hiyo, jamani, changanyeni wazima na wagonjwa katika kila siku ya kazi, na muda uandikwe palepale.

4. Moyo wa mtoaji kiungo usiuite mzima kwa haraka. Mara nyingi mwili wake umefurika adrenalini, au amepewa dawa za kupandisha presha, na troponini I yake hubeba fosfeti nyingi; ukiulinganisha na moyo ulioshindwa, pengo utakaloliona huenda likazidi lile lililoletwa na ugonjwa.

Jumamosi tutasoma titini, protini iliyo kama springi ndani ya msuli. Kinasi A hulegeza ugumu wake, kinasi C huuongeza kwa kuweka fosfeti mahali pengine, na atakayesema tu kwamba titini imepata fosfeti nitamrudisha kwenye namba 1.