Nikianza kazi, SSDI yangu itakatwa?

Swali: Shikamoo mshauri. Naishi Minnesota. Nilikuwa nafanya kazi ghalani mpaka mgongo ukaharibika, na tangu 2022 napokea SSDI, malipo ya serikali kwa mfanyakazi aliyepata ulemavu. Sijafanya kazi yoyote tangu hapo. Sasa nimepata kazi ya kukaa, kupokea simu kwenye kampuni ya usafirishaji, saa 20 kwa wiki, dola 17 kwa saa. Kuna jamaa hapa kwetu anayesaidia watu makaratasi. Ananiambia nikipokea mshahara hata wa mwezi mmoja nitafutwa, na Medicare, bima yangu ya afya ya serikali, nayo itaondoka. Anashauri nilipwe keshi au nitumie namba ya Social Security ya mke wangu, na atanipangia kila kitu kwa dola 300. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usimpe huyo jamaa hata senti moja. Kazi ichukue, kwa jina lako na kwa namba yako.

Tupige hesabu aliyopaswa kukupigia yeye kabla ya kukutisha. Saa 20 kwa dola 17 ni dola 340 kwa wiki, yaani kama dola 1,470 kwa mwezi. Kwa viwango vya 2025 (hubadilika kila Januari), mwezi unaopata zaidi ya dola 1,160 unahesabika kuwa mwezi wa majaribio ya kazi. Unayo miezi 9 ya aina hiyo ndani ya kipindi cha miezi 60, na si lazima ifuatane. Katika miezi hiyo SSDI yako inaingia yote, hata ukilipwa dola 4,000, mradi umetoa taarifa na ulemavu wako bado upo.

Miezi 9 ikiisha, wanaanza kutazama kiwango kingine, ambacho 2025 kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kwa mtu asiye kipofu. Sasa rudi kwenye mshahara wako. 1,470 iko chini ya 1,620. Kwa kazi hiyo uliyoielezea, malipo yako yanaendelea hata baada ya majaribio. Kitu ambacho jamaa anataka ukifiche kwa dola 300 sheria inakuruhusu ukifanye mchana kweupe.

Cha kuangalia kwako ni saa za ziada. Mwenzako anaumwa, bosi anakuomba uzibe pengo, mwezi unafika 1,700. Wanaangalia mshahara kabla ya kodi, si kile kilichoingia benki, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Lakini hata ukivuka hufutwi siku hiyo. Mwezi wa kwanza wa kuvuka baada ya majaribio na miwili inayofuata bado unalipwa. Kisha, ndani ya miezi 36 baada ya majaribio kuisha, mwezi unaoshuka chini ya kiwango malipo yanarudi bila kuomba upya. Baada ya hapo, malipo yakikoma kwa sababu ya kazi na mgongo ukakushinda tena, una miaka 5 ya kuomba urudishwe kwa njia ya haraka, na wakati wanakuchunguza unaweza kupewa malipo ya muda hadi miezi 6. Sehemu ya hospitali ya Medicare inaendelea bila malipo angalau miezi 93 baada ya majaribio, ikiwa bado una ulemavu. Ukiwa na gharama zinazotokana na ulemavu ambazo bila hizo usingeweza kufanya kazi, kama dawa unazojilipia, tunza risiti, maana baada ya majaribio zinapunguzwa kwenye mshahara wanaouhesabu.

Niseme wazi kinachonikera. Watu wetu wameaminishwa kwamba kufanya kazi ndiko kunakokatisha mafao. Ninachokiona mimi ni kwamba kinachowaumiza ni kutotoa taarifa. Mtu anakuja ofisini na mfuko wa nailoni umejaa bahasha za Social Security, idara inayolipa mafao haya, nyingi hazijafunguliwa. Ya chini kabisa inauliza tu kuhusu kazi yake. Ya katikati inasema amezidishiwa malipo. Ya juu inasema wataanza kukata. Ile ya katikati ilimpa siku 60 za kukata rufaa, na ilimweleza kwamba anaweza kuomba asamehewe deni. Yeye aliziogopa zote sawasawa. Kisha hadithi inayozunguka mtaani ni kwamba fulani alifanya kazi wakamfuta, na hakuna anayesimulia zile bahasha.

Kwa hiyo, siku ya kuanza kazi wapigie Social Security au nenda ofisini. Waambie mwajiri, tarehe, saa na kiwango cha malipo. Mkalimani wa Kiswahili wanakupa bure, usimkokote mtoto kutoka shuleni akutafsirie. Omba risiti ya kwamba umetoa taarifa, sheria inawataka wakupe, na iweke pamoja na hati zako zote za mshahara. Mshahara ukibadilika, toa taarifa tena.

Wale wa SSI (msaada kwa walemavu na wazee wenye kipato kidogo), msichukue hesabu hii ya SSDI mkaivaa. Yenu haina miezi ya majaribio. Wanaacha dola 85 za kwanza za mshahara (kama huna kipato kingine), kisha wanapunguza dola 1 kwa kila dola 2. Anayepokea kiwango kamili cha 2025, dola 967, akipata mshahara wa dola 585, SSI yake inapungua kwa 250. Anabaki na 717 pamoja na mshahara wake, jumla 1,302. Nioneshe hasara iko wapi.

Hofu hii Bunge la Marekani liliijua zamani. Ndiyo maana 1999 likapitisha sheria iliyoleta Ticket to Work, mpango wa hiari kwa wenye SSDI au SSI wa umri wa miaka 18 hadi 64. Unapata msaada wa kutafuta kazi au mafunzo, na ukiwa unatimiza hatua zake kwa wakati, hawaanzishi ukaguzi wa kukupima ulemavu upya. Ni bure. Namba yao ni 1-866-968-7842, na hapo uliza mshauri wa mafao wa jimbo lako, naye ni bure.

Nawaambia na wengine mnaosoma: anayekutoza pesa kwa kukufundisha kujificha anakuuzia kesi. Kutumia namba ya mtu mwingine ili mafao yasiguswe ni kosa la jinai la shirikisho, linaloweza kufika miaka 5 jela. Kwa asiye raia, linaweza kugusa hata ukaazi wake. Mke anabeba kodi ya mshahara ambao hakuupata, na wewe kazi hiyo haiingii kwenye rekodi yako ya uzeeni. Siku barua ikifika, yule wa dola 300 hapokei simu, na jina lake haliko kwenye karatasi hata moja.

Kama tayari unafanya kazi kwa namba isiyo yako, usiendelee, na usiende Social Security peke yako kujieleza. Anza na wakili wa shirika la msaada wa kisheria katika eneo lako. Mpelekee kila bahasha, hata zile ambazo hujazifungua.