Stendi ya ngazi moja ya kutengenezea bia nyumbani: anza na pampu na moto, chuma kifuate

Lita 40 za maji ya nyuzijoto 77, kwenye sufuria iliyo juu ya usawa wa kichwa chako: hiyo peke yake inatosha kuikataa stendi ya ngazi tatu. Stendi hiyo hupanga sufuria kwa kushuka ili maji yateremke yenyewe, ya maji moto juu, ya kimea katikati, ya kuchemshia chini. Haihitaji umeme, na sifa yake inaishia hapo. Ngazi moja huziweka sufuria zote tatu usawa mmoja, pampu mbili zikafanya kazi ya kuhamisha maji, nawe unaona ndani ya kila sufuria bila kupanda kiti.

Kosa linalogharimu wengi ni kuanza na chuma. Mtu anampelekea fundi vipimo vya fremu, stendi inarudi imenyooka na imepakwa rangi, kumbe pampu haina pa kukaa na jiko limening'inia sentimita 25 chini ya sufuria, joto lote linaenda na upepo. Nunua kwanza sufuria, majiko na pampu. Vipime kwa mkono wako. Ndipo uchore.

Vipimo vya hapa ni vya sufuria za lita 50 za chuma kisichoshika kutu, kipenyo sentimita 40 na kimo sentimita 40. Marekani, ambako bia ya nyumbani iliruhusiwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Jimmy Carter mwaka 1978, wengi hukata kegi, yale mapipa ya chuma ya bia, za galoni 15.5, yaani karibu lita 59, wakazifanya sufuria. Kegi hizo zina kimo cha karibu sentimita 59, kwa hiyo fremu yake hushushwa. Usiokote kegi yoyote tu: mara nyingi bado ni mali ya kiwanda hata kama umelipia amana. Na kabla ya kununua chochote, jua sheria ya ulipo. Kenya, kwa mfano, sheria ya vileo ya 2010 inadai leseni kwa anayetengeneza.

Fremu inahitaji bomba za mraba za milimita 40 kwa 40, unene milimita 2, vipande vitatu vya mita 6. Kata vinne vya sentimita 180 kwa urefu wa stendi, viwili juu na viwili chini. Vilivyobaki vyote ni vya sentimita 40: sita vya miguu, vinne vya kuvuka juu, vitatu vya kuvuka chini. Bomba la kwanza linatoa virefu vitatu na kifupi kimoja, la pili kirefu kimoja na vifupi kumi, la tatu vifupi viwili, na mita 5 zinazosalia zinabeba majiko na pampu. Vya kuvuka juu vinagawa stendi kuwa vyumba vitatu vya karibu sentimita 55, hivyo kati ya sufuria na sufuria kunabaki karibu sentimita 20 za koki na mikono yako.

Upana wa ndani ni sentimita 40, sawasawa na sufuria, na sufuria ingedumbukia. Kwa hiyo kila chumba kinapata vipande viwili vya chuma cha pembe cha milimita 40, vilivyopita kutoka upande mmoja hadi mwingine, vikiachana sentimita 28. Sufuria hukaa juu ya hivyo. Wengine huubana upana wa stendi yenyewe ili kuokoa chuma hicho. Wasifanye hivyo, kwa sababu sufuria tatu zilizojaa hufika karibu kilo 170, na stendi nyembamba yenye uzito huo juu huanguka kwa kusukumwa kidogo.

Kataa bomba lenye mabati. Zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa, na karibu na moto wa jiko huendelea kuungua. Kwa chuma cheusi cha milimita 2, vijiti vya kuchomelea vya milimita 2.5 na ampea 60 hadi 80 vinatosha. Shika kona zote kwa pointi ndogo kwanza, pima kona kwa kona pande zote mbili hadi zilingane, kisha chomelea ukirukaruka huku na huku. Ukimaliza upande mmoja mfululizo, joto linaipinda fremu na pima maji halitulii tena. Rangi iwe ya kuhimili joto kali. Ya kawaida itaungua siku ya kwanza na kuitia harufu bia yako.

Magurudumu yenye breki, ya nailoni au chuma, ya kimo cha sentimita 11, yanaiweka fremu sentimita 59 kutoka sakafuni, na mdomo wa sufuria karibu mita moja. Ni kimo kizuri cha kukoroga. Ila stendi yenye maji moto haisogezwi hata hatua moja.

Sasa moto. Jiko la kilowati 10 huchemsha lita 40 kwa karibu robo tatu ya saa na kula kama gramu 800 za gesi kwa saa likiwa wazi kabisa. Mtungi wa kilo 6 utapoa, utaganda nje na kupoteza presha kabla hujamaliza. Tumia wa kilo 13 au 15, wima, mita 2 kutoka kwenye moto. Umbali kati ya jiko na sufuria uanzie sentimita 10 hadi 15, na kibebeo cha jiko kiwe na matundu marefu ya bolti ili upandishe na kushusha. Moto wa bluu unaolamba kitako ndio unaotafutwa. Ukiwa wa njano na kitako kinaota masizi, jiko linakosa hewa: lishushe. Moto huo hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na gesi ya mtungi ikivuja hutulia chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Stendi hii ni ya nje.

Kuna wanaopitisha gesi ndani ya bomba la fremu lenyewe ili kuokoa mabomba. Sikubaliani nalo hata kidogo. Weld ya kubeba uzito si weld ya kuzuia gesi. Weka bomba la gesi la nusu inchi, kila jiko na koki yake, upake povu la sabuni kila kiungo.

Pampu za sumaku, ambazo mota yake huzungusha panga la ndani kwa nguvu ya sumaku, hazinyonyi hewa, kwa hiyo maji lazima yaziteremkie. Zifunge chini, kwenye bomba za chini, kati ya chumba na chumba na si chini ya jiko, kila moja na paa dogo la bati dhidi ya joto na matone. Mdomo wa kutolea uelekee juu ili hewa itoke. Koki ya kupunguza mwendo iwe upande wa kutolea. Ukibana upande wa kuingilia, maji yaliyo karibu kuchemka hugeuka mapovu, pampu inanguruma na haisukumi kitu. Mipira ya kupitishia maji iwe ya silikoni, maana plastiki ya kawaida hulegea kama tambi. Umeme upite kwenye swichi ya kinga ya miliampea 30, inayojikata umeme ukivuja.

Jaribio la kwanza ni maji matupu, lita 30 kila sufuria, yakizungushwa na kuchemshwa. Kisha tia jagi la lita moja chini ya mpira, hesabu sekunde, na ubane koki mpaka jagi lijae kwa dakika moja. Huo ndio mwendo wa kusuuzia kimea, yaani kukimwagia maji moto ili kitoe sukari iliyobaki. Ukiachia koki wazi, pampu hukandamiza kimea kwenye chujio la chini ya sufuria kikaganda, na hakuna kinachotiririka tena. Mpini wa koki ulipo sasa, chora mstari kwa kalamu isiyofutika.