Kwa Mnaoanza Kufuatilia Ndege wa Ufukweni

Wadogo zangu, wengi mnaniuliza mnunue darubini gani. Nunueni yoyote mnayoimudu. Kinachotangulia kwenye kazi hii ni kuyajua maji.

Msimu wangu wa kwanza kwenye hori la Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu, Kenya, nilifika saa nne asubuhi, maji yamekupwa kabisa. Tope lilikuwa wazi mpaka upeo wa macho na ndege nukta nukta: kumi huku, watatu kule, wengine nyuma ya mikoko. Nikahesabu kwa saa tatu, nikaandika jumla yangu kwa furaha. Mzee mmoja aliyekuwa akichimba chambo akaniambia, "Mwanangu, unahesabu watu waliotawanyika mashambani. Ngoja warudi nyumbani." Kesho yake jioni, maji yakijaa, alinipeleka kwenye kipande cha mchanga kisichozidi uwanja wa mpira. Ndege wote walikuwa wamesukumwa pale, wamebanana bega kwa bega. Jumla yangu ya jana haikufika hata theluthi yao.

Tangu hapo hesabu zangu hufuata mwezi wa angani. Ya bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa sana, nailinganisha na ya bamvua, kwa sababu wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo tu, ndege hubaki wametawanyika hata maji yakijaa. Tena ndani ya hori maji hugeuka baadaye kuliko bahari ya nje, na wavuvi wanaujua muda huo vizuri kuliko jedwali lolote la maji. Waulizeni, na majibu yao yaandikeni kwenye daftari kama mnavyoandika vipimo vyenu. Mkikuta kipande kitupu, andikeni sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haina maana yoyote miaka kumi baadaye.

Kukamata ndege kwa nyavu na kuwavisha pete za namba miguuni ndiko kulikonifundisha uhifadhi. Kuna kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda, Calidris ferruginea, anayezaa kwenye tundra, nyika ya baridi isiyo na miti, ya Siberia kaskazini mwa Urusi. Desemba ana gramu hamsini na kitu. Mkamate mwishoni mwa Aprili: anaweza kupita 70, na ukipuliza taratibu manyoya ya chini ya koo unaona mafuta ya manjano yamejaa chini ya ngozi. Hayo ndiyo mafuta ya safari. Kila anaporushwa bila sababu, anayachoma.

Kijana mmoja anayetembeza watalii alikuwa na mazoea ya kupiga makofi ili kundi liruke, wageni wapate picha. Kwa muda mrefu nilimkasirikia kimoyomoyo, na hasira yangu haikuokoa ndege hata mmoja. Usiku mmoja wa Aprili nikamwalika kwenye nyavu. Nikampa ndege amshike mwenyewe, apulize, aone. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza Siberia ni mbali kiasi gani. Sasa wageni wake huketi chini, na yeye ndiye anayenipigia simu akiona ndege mwenye pete.

Msiishie kuangalia upande wenu tu. Yule ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, Dromas ardeola, huja kwetu kutoka visiwa na fukwe za mchanga za Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu. Huko huchimba shimo na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Hata akishafika Mida, kinda bado hutembea nyuma ya mzazi akilia, na mzazi humpa kaa. Nilimwelewa ndege huyu nilipoanza kuandikiana na wenzangu wa Oman.

Jambo la mwisho ni la Mei. Makundi yakishaondoka, watu wengi hufunga daftari. Msifunge. Ndege wa mwaka wa kwanza wengi hubaki pwani msimu wote wa kusi, na idadi yao inabeba habari za Siberia. Kule, panya wadogo wanaoitwa lemingi wakipungua ghafla, mbweha hugeukia mayai na makinda ya ndege, na wachanga wanaotufikia huwa wachache. Kwa hiyo Juni, upepo ukivuma na mvua ikikupiga usoni, nenda kwenye kile kipande cha mchanga maji yakijaa uhesabu wachanga waliobaki, hata wakiwa sita.